Mwani katika Tangi la Maji ya Bahari: Utunzwe au Uachwe?

Shule iliyo karibu na pwani huweza kuweka tangi la kioo lenye maji ya bahari na samaki wachache kwa ajili ya masomo ya biolojia. Haupiti muda mrefu kabla ya kuzuka swali: je, mwani nao utiwe humo, au uachwe baharini? Jibu lahitaji kwanza kuelewa yanayotendeka ndani ya maji.

Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria waishio juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati si sumu kali kama amonia, lakini ndani ya tangi hulimbikizana siku hata siku. Hapo ndipo mwani unapofaa, kwani hutumia nitrojeni na fosforasi kujengea mwili wake, na penye mwanga hutoa oksijeni.

Hata hivyo, uchafu huo haukutoweka. Umehamia katika mwani. Mwani ukifa na kuoza humo humo, amonia hurudi majini. Kwa hiyo maji hayasafiki kwa kuwapo mwani tu, bali kwa kuukata na kuutoa nje mara kwa mara.

Usiku hali hubadilika. Pasipo mwanga mwani huacha kutengeneza chakula lakini huendelea kupumua, ukitumia oksijeni ile ile wanayoihitaji samaki. Kwa sababu hiyo wafugaji wengine huuotesha katika tangi la pili, lililounganishwa na la kwanza kwa mabomba, na kuliwashia taa usiku. Huko pia husalimika na samaki walao mwani, kama vile tasi.

Aina ya mwani nayo ina uzito wake. Mwili mzima wa Caulerpa, ujapokuwa na matawi mengi, ni seli moja yenye viini vingi. Wakati wa kuzaa, huweza kumwaga majini karibu vyote vilivyomo ndani yake, kisha ukafa. Maji huchafuka, oksijeni hupungua, na samaki huwa hatarini. Chaetomorpha, ambao seli zake zimepangana kama shanga katika uzi, huleta msiba huo kwa nadra.

Hatari nyingine iko nje ya tangi. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia ilionekana baharini huko Monaco, katika eneo la kama mita 1 ya mraba, chini ya jumba la makumbusho ya bahari. Ilikuwa ya namna iliyooteshwa katika matangi. Baadaye ilienea hata pwani za Ufaransa, Italia na Kroatia. Mwaka 2000 iligunduliwa California, Marekani, na haikutangazwa kuwa imeangamizwa hadi mwaka 2006. Kipande kidogo tu hutosha kuota upya. Hivyo mwani uliokatwa ukaushwe kabisa juani, wala usitupwe baharini au mferejini.

Basi, mwani na utunzwe penye mwanga wa kutosha na mtu wa kuukata, hata wakati wa likizo. Yasipopatikana hayo, ni heri kupunguza samaki na kubadilisha sehemu ya maji kwa vipindi maalumu.

Maswali
1. Kwa nini mwani usiokatwa hauondoi nitrojeni katika tangi?
2. Oksijeni ya tangi lenye mwani hupungua zaidi saa zipi? Eleza sababu.