Mahabusu si wodi: somo kuhusu waraibu wa dawa za kulevya

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kamati za diakonia, vikundi vya wazazi na viongozi wa vijana. Linatosha vipindi viwili. Kabla ya kuanza, mmoja wenu asome Marko 5:1–20 kwa sauti. Tutairudia habari hiyo baadaye.

Kijana akishauza sufuria za mama yake na simu ya dada yake ili apate unga, ushauri wa kwanza mtaani huwa mmoja: mpelekeni polisi, akae ndani, atakoma. Wanaoshauri hivyo si watu wabaya. Wengi wamechoka, wameibiwa, na wamebembeleza hadi maneno yamewaishia. Lakini tuulizane: akiwa ndani, ni nini hasa kinachokoma?

Kinachotokea mwilini

Mtu anayetumia heroini kila siku hufikia mahali ambapo hatafuti tena raha. Anatafuta asiumwe. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, arosto huanza: kamasi na machozi, jasho na baridi kwa pamoja, tumbo kukata, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki moja hivi, maumivu makali hupungua. (Anayetapika na kuharisha bila kupewa maji anaweza kufa. Wanaolala naye mahabusu wasidhani anaigiza.)

Basi familia ikienda kumtoa baada ya siku kumi inamkuta ametulia, anakula, anaomba msamaha. Wanasema amepona, kumbe iliyokwisha ni arosto. Uraibu bado upo, kwa sababu ubongo uliofundishwa kwa miaka kuitegemea dawa hausahau kwa siku kumi, wala kwa miezi sita. Akipita kijiweni, akikutana na rafiki wa zamani, akigombana na baba, hamu inarudi kwa nguvu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa ambayo wazazi wengi hawajaambiwa. Mwili uliokaa bila dawa hupoteza uzoefu wake. Kipimo kilekile alichokimudu kabla ya kukamatwa sasa kinaweza kumuua, maana heroini hupunguza kasi ya upumuaji hadi pumzi isimame. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti kuhusu wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ukilinganishwa na watu wengine wa jimbo hilo. Siku tunayomshangilia kwa kutoka ndiyo siku ya kumwangalia zaidi.

Muuzaji na mtumiaji

Wengi husema neno “teja” limekatwa kutoka “mteja”. Kama ni hivyo, jina lenyewe linatukumbusha kwamba kuna mwenye duka. Heroini inayofika pwani yetu husafirishwa kwa majahazi kutoka upande wa Asia, na faida yake haibaki kwa kijana anayelala chini ya daraja. Sheria ya mwaka 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inatoa adhabu kali kwa wasafirishaji, na sioni sababu ya kanisa kuwatetea.

Mtumiaji naye hana kinga. Kukutwa na dawa hizi ni kosa la jinai, na wizi ni wizi hata kama mwizi ana arosto. Jirani aliyeibiwa ana haki ya kushtaki. Tunachopinga ni kuitumia selo kama hospitali, kisha kushangaa mgonjwa anaporudi vilevile. Katika semina yetu moja, mzee wa kanisa alisimama akasema vijana hawa wanadekezwa, wafungwe. Mama mmoja akamjibu kwa upole, “Shikamoo, baba mzee. Wangu amefungwa mara tatu. Nikikupa wa kwangu umfunge mara ya nne, utanirudishia nani?” Mzee aliitikia salamu, akakaa.

Kuna nchi iliyokwenda mbali zaidi. Tangu Julai 2001, Ureno humpeleka anayekutwa na dawa za matumizi yake ya siku zisizozidi 10 mbele ya kamati ya watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, badala ya mahakama ya jinai. Kuuza kumebaki kuwa jinai. Maambukizi mapya ya VVU miongoni mwa watumiaji wa dawa yalishuka kutoka zaidi ya 1,000 kwa mwaka hadi chini ya 100. Sisemi tuige kila kitu. Wareno walitangulia kutenga fedha za matibabu, na bila hizo kubadilisha sheria kusingesaidia sana.

Habari ya Marko

Msiitumie sura hii kusema kwamba mraibu ana pepo. Watu wamekwisha kuteswa kwa tafsiri hiyo. Angalieni zaidi walichofanya wenyeji. Walikuwa na mpango mmoja tu, minyororo na pingu, na waliurudia mara nyingi ingawa alizikata kila mara. Mwisho wakamwachia makaburi, akawa anajikata kwa mawe na kulia usiku na mchana. Yesu anamuuliza jina. Baadaye watu wanamkuta ameketi, amevaa, ana akili timamu, nao wanaogopa. Wakisikia na habari ya nguruwe wapatao 2,000, wanamwomba Yesu aondoke. Na yule mtu anapotaka kufuatana naye, anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake, yaani kwa walewale waliomfunga.

Jadilianeni: Katika usharika wetu, minyororo yetu ni ipi? Nani kati yetu anayajua majina ya vijana wa kijiweni, si majina yao ya utani? Kumtibu mmoja kutatugharimu nini, na tumewahi kukitaja kiasi hicho katika bajeti? Akirudi, ataketi benchi gani?

Matibabu yapo

Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha vituo vya mikoani, ikiwemo Mbeya, Dodoma na Mwanza. Zanzibar nayo ina huduma hiyo. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kila ninapoitaja, mtu huuliza: si ni kubadilisha dawa kwa dawa? Swali ni halali. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hukaa mwilini kwa zaidi ya saa 24, huzuia arosto, na kwa kipimo sahihi haimleweshi mgonjwa. Asiye na arosto hana haja ya kuiba asubuhi ili apate kete, wala ya kuchangia sindano. Anaweza kufanya kazi. Wengine huitumia kwa miaka, kama mgonjwa wa kisukari anavyotumia insulini. Lakini ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii yake tu; haitibu bangi, kokeini wala pombe. Mlevi wa kila siku naye asifungiwe chumbani akatishwe pombe ghafla, maana anaweza kupata degedege na kufa. Apelekwe hospitali.

Kuhusu nyumba za upataji nafuu, nendeni mkaione nyumba kabla ya kulipa. Ulizeni nani anamwangalia mgonjwa usiku wa arosto, kama anatumia VVU au TB dawa zake zinaendelea vipi, na kama ana ruhusa ya kuondoka. Mkiona minyororo au fimbo, rudini naye nyumbani. Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakizitaka nchi zifunge vituo vinavyowashikilia waraibu kwa nguvu kwa jina la tiba.

Mkimkuta mtu amezidisha dawa, haamki, midomo imebadilika rangi, na mboni za macho ni ndogo kama ncha ya sindano, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Waambieni wahudumu ukweli kuhusu alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuirudisha pumzi ikiwahi.

Mwisho, jambo dogo ambalo kamati inaweza kuliamua leo. Methadoni katika vituo vya serikali ni bure, lakini nauli si bure, na mgonjwa anayeanza anatakiwa kufika kila siku, hata Jumapili. Pigeni hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu mmoja kwa siku 90. Kisha pangeni nani atamsindikiza wiki ya kwanza, na nani ya pili.