Msaada, Mkopo au Fidia? Mfano wa Japani na Uchina

Neno 'msaada' huficha mengi katika uhusiano wa mataifa. Katika taarifa ya pamoja ya mwaka 1972, Uchina iliacha kuidai Japani fidia ya vita. Mnamo 1979, Waziri Mkuu Ohira Masayoshi aliahidi kuisaidia Uchina kujiendeleza. Kufikia Machi 2022, mpango huo ulipokamilika, takribani yeni trilioni 3.6 zilikuwa zimetolewa. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya masharti nafuu ya kujengea reli, bandari na mitambo ya umeme.

Dawa ya deni ni kulipa. Mkopo basi si hisani tupu. Baadhi ya Wachina waliuona kuwa fidia iliyobadilishwa jina, ilhali Japani haikuuita hivyo rasmi. Baadhi ya Wajapani nao walinung'unika kwamba hawakushukuriwa. Aidha, mwaka 1995 Japani ilisitisha sehemu kubwa ya ruzuku ili kupinga majaribio ya nyuklia ya Uchina. Ni bayana kwamba mtoaji ndiye aliyeshika mpini.

Kwa hivyo, mwanaisimu na aupime 'msaada' kwa masharti yake, wala si kwa jina lake.