SOMO LA WIKI: Haibridi iliyotumika kati ya milima ya Mbinga na mwambao wa Nyasa

Mfanyabiashara wa dagaa anayekwenda na kurudi kati ya Mbinga na Mbamba Bay anaijua bei ya gunia ziwani, na anaijua bei yake sokoni mjini. Kinachomla ni kilichopo katikati, yaani mafuta. Ndiyo maana malipo ya kahawa yanapotoka na watu wakaanza kutafuta gari, swali huwa lile lile: hizi haibridi zilizotumika kutoka Japani, Prius, Aqua na Fielder, zinafaa huku kwetu au ni za foleni za Dar es Salaam tu?

Zinafaa. Lakini haibridi hulipa kwa mwenye kupiga hesabu na kuitunza, na humwumiza vibaya anayeitumia kama pikapu.

Tuanze na hesabu. Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zipatazo 66 za lami, kwenda na kurudi 132. Anayekwenda mara mbili kwa wiki anatembea kilomita 264. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa lita (bei halisi ya mwezi itazame kwenye tangazo la EWURA, ambalo hutoka Jumatano ya kwanza na kutaja kila wilaya). Gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 22, sawa na shilingi 66,000. Haibridi inayokwenda kilomita 18 itakunywa lita 14 na ushee, sawa na shilingi 44,000. Umeokoa 22,000 kwa wiki. Sasa tuseme betri kubwa ikifa unadaiwa shilingi 2,200,000. Hizo ni wiki 100 za akiba yako, karibu miaka miwili, zimekwenda kwa siku moja. Faida yote ya haibridi, kwa hiyo, imo katika kuifanya betri hiyo iishi.

Usikubali namba ya kilomita kwa lita iliyo kwenye karatasi ya muuzaji, wala ile ya dashibodi peke yake. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe, andika kilomita, tembea wiki nzima, kisha jaza tena kituo kile kile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo kila mara na uandike daftarini, kwa sababu namba ikianza kushuka bila mzigo kuongezeka, gari linakupa taarifa mapema kuliko taa yoyote.

Namna gari hili linavyookoa mafuta, Mmatengo hahitaji kufundishwa sana. Shamba la ngoro huchimbwa mashimo mlimani ili maji ya mvua yasiteremke bure na kuondoka na udongo. Haibridi hufanya vivyo hivyo kwa mteremko. Ukiachia mafuta au ukigusa breki, mota inageuka kuwa jenereta, inalizuia gari na kuweka umeme kwenye betri. Ukianza kupanda, umeme huo unaisaidia injini.

Lakini shimo lina kipimo chake. Mji wa Mbinga upo juu ya ziwa kwa yapata mita 800. Gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na abiria, likishuka kimo hicho, linaachia nguvu sawa na uniti 3 za LUKU. Sehemu kubwa humalizwa na matairi na upepo njiani. Hata hivyo betri ya Aqua nzima ina uniti 0.9 hivi, ya Prius nyingi za zamani 1.3, na kompyuta ya gari hairuhusu itumike yote. Inacheza katikati tu ili isichakae. Kwenye mteremko mrefu utaona mistari ya betri imejaa kabla hujafika chini. Hapo weka gia kwenye B, injini isaidie kuzuia gari. Kwenye barabara ya tambarare B haina kazi, inakupotezea umeme ambao ungeingia betrini.

Hapa niseme jambo ambalo madereva wetu hawapendi kusikia. Ile tabia ya kuteremka kwa fri, kwa imani kwamba inaokoa mafuta, ni hasara tupu kwenye haibridi. Gia ikiwa N mota haichaji, na kazi yote ya kusimamisha gari inabaki kwa pedi za breki zinazochemka. Umetupa umeme wa bure na umejiweka kwenye hatari ya kukosa breki konani. Acha gari kwenye D, toa mguu, liteleze lenyewe.

Adui mkubwa wa betri ni joto, na mwaka mzima ziwani kuna joto kuliko milimani. Betri hupozwa na feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Wengi hawajui kama lipo. Mfanyabiashara anakunja viti, anapanga magunia ya dagaa hadi dirishani, na tundu linazibwa kabisa. Feni inavuta gunia. Baada ya miezi michache taa ya hatari inawaka na fundi anatamka neno betri. Acha nafasi ya kiganja mbele ya tundu hilo, siku zote. Na kwa barabara zetu za vumbi, za kuingia vijijini kutoka kwenye lami, mwambie fundi afungue filta yake na kusafisha feni kila unapobadilisha oili mara mbili. Kazi yenyewe ni bisibisi na brashi, ila betri izimwe kwanza kwa kuchomoa kizimio chake cha usalama, na waya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyefundishwa. Umeme wake unaua.

Ukiegesha Mbamba Bay mchana, tafuta mwembe. Ukirudi na gari limekuwa tanuri, fungua madirisha dakika mbili kabla ya kuondoka, kwa maana hewa unayopumua wewe ndiyo inayopoza betri. Kwenye joto kali kiyoyozi kidogo ni akiba, si anasa.

Kuna betri nyingine, ile ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi imefichwa nyuma na siyo chini ya boneti. Ikichoka, gari haliwaki au linawasha taa nyingi kwa pamoja, na hapo ndipo watu wanapouziwa betri kubwa ambayo haikuwa mbovu. Kabla hujakubali lolote, pima hiyo ndogo. Ukiibadilisha, nunua ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea hewa nje, kwa sababu ipo chumba kimoja na abiria.

Oili itumike nyepesi kama kitabu kinavyosema, nyingi ni 0W-20. Mazoea ya kuweka oili nzito kwa kuwa "gari limetembea" yanaongeza ulaji, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo Mbinga kuna baridi na injini inachelewa kupata moto. Maji ya kupozea inveta ni mfumo wake, tofauti na wa injini, na yana chupa yake. Wengi huyasahau hadi inveta inaungua. Upepo wa matairi pima kila wiki, gari likiwa halijatembea. Breki za haibridi hudumu kwa kuwa mota inafanya kazi kubwa, lakini kwa kukaa bila kutumika kalipa hukwama. Ukifika safari, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake, breki yake inakokota, na wewe unalipia petroli ya kusukuma breki.

Likiharibika njiani lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwani mota zinazunguka na kuzalisha umeme. Yainuliwe, au lipakiwe juu ya lori.

Sasa kwa anayetaka kununua. Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997 na Aqua Desemba 2011, hivyo ukikutana nayo hapa huenda umri wake umepita miaka kumi. Kilomita za dashibodi zisikushughulishe sana, kwani zinarudishwa. Nenda kulitazama gari asubuhi kabla halijawashwa. Prius zilizotoka kuanzia 2009, zenye injini ya lita 1.8, zina ugonjwa unaojulikana wa kuziba mfumo unaorudisha moshi ndani ya injini, na mwisho wake gasketi ya silinda hedi huungua. Injini ikitetemeka vibaya ikiwa baridi na maji ya rejeta yamepungua, mshukuru muuzaji uondoke.

Uliza kama betri imewahi kufunguliwa. Betri ya Prius ya kizazi cha pili ina vipande 28. Fundi wa bei rahisi hubadilisha kimoja kilichokufa na kuacha 27 vilivyochoka, na baada ya muda kinakufa kingine. Ni kama kushona kiraka kipya kwenye gunia bovu. Ama betri nzima iliyopimwa, yenye dhamana ya maandishi, ama bei ishuke.

Kisha omba kulipandisha mlima mrefu, wewe ukiwa usukani na macho kwenye mistari ya betri. Betri nzima hushuka taratibu na kupanda taratibu. Iliyochoka hutoka kujaa hadi tupu kwa dakika chache, ikajaa tena ghafla ukianza kushuka, na feni ya nyuma inapiga kelele muda wote. Ukiona hivyo na bado unalipenda gari, toa bei ya betri nzima kwenye bei ya muuzaji, ndipo uanze kujadiliana.