Mizani Ikianza Kucheza

Mtu akiniletea mizani ya kielektroniki na kusema imeharibika, huwa siigusi kwanza. Namuuliza alikuwa anapima nini, meza iko wapi, na ilikuwa saa ngapi. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mizani hizi ndogo za mfukoni zimeenea: wenye sabuni tunazo, waoka keki wanazo, hata wauza viungo. Nyingi zimetoka kwenye maduka ya Area 2, Lilongwe, zikiwa na uwezo wa gramu 500 na betri mbili ndogo nyuma. Malalamiko nayo ni yaleyale. Umeweka kitu, inasoma 135.0. Umekitoa na kukirudisha, inasoma 134.6. Umegeuka kuchukua kijiko, imefika 135.3.

Kwa anayepima sukari ya chai hilo si neno. Kwetu sisi wa sabuni inategemea. Kilo moja ya mawese inahitaji kostiki (caustic soda) gramu 142 hivi ili mafuta yote yageuke sabuni. Sisi tunashusha hadi 135 ili yabaki mafuta kidogo ya kulinda ngozi. Pengo hilo la gramu saba ndilo usalama wako, na nusu gramu haitalimaliza. Lakini ukijaribu mapishi mapya kwa mafuta ya gramu 200 tu, pengo linakuwa gramu moja na nusu hivi. Hapo mizani inayoyumba kwa gramu nzima inaweza kukupa kipande kinachochoma mikono ya mteja.

Usikimbilie kununua nyingine. Kwa sisi wakimbizi kutoka kambini kuna ruhusa yake, na tangu agizo la serikali la 2023 lililowarudisha hapa wenzetu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, mtu haendi Lilongwe kwa jambo la kubahatisha. Tena ukifika dukani, muuzaji ataiweka juu ya kaunta yake nzito, ndani, pasipo upepo, itasoma vizuri, naye atakuambia, "Mama, mbona iko sawa?" Na kwa pale alipo, hakosei.

Kipimo cha kwanza ni nati. Tafuta nati kubwa au boliti ya chuma, kavu, isiyo na kutu, yenye uzito wa gramu 100 au 200. Washa mizani, iache dakika tano, kisha iweke nati katikati, andika namba, itoe, hakikisha imerudi sifuri, rudia mara kumi. Nati haivuti unyevu, haikauki, haimwagiki. Ikisoma namba moja kila mara, au ikipishana kwa tarakimu ya mwisho tu, mizani yako ni nzima na shida iko kwenye unachokipima. Nati nayo ikicheza, tatizo ni mahali au mashine. Ukiruka hatua hii utahangaika siku nzima ukitibu ugonjwa usiokuwepo.

Tuanze na nati kutulia, maana ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Kostiki inakunywa unyevu wa hewa. Ifungue mwezi wa Januari, mvua ikinyesha, uweke vipande vyake kwenye kikombe juu ya mizani na uviangalie kwa karibu. Kwanza ni vyeupe na vikavu kama chumvi ya mawe. Muda si mrefu kingo zinaanza kung'aa, kisha vinatoa jasho, vinashikana, na chini ya kikombe kunakuwa na utelezi. Wakati huohuo namba inapanda: 135.0, 135.1, 135.2, bila kurudi nyuma hata mara moja. Hiyo ndiyo alama yake. Mizani mbovu hupanda na kushuka. Kostiki hupanda tu. Kinachoongezeka ni maji, kwa hiyo ukipunguza vipande ili namba irudi 135, umepunguza kostiki yenyewe. Weka tayari kila kitu kabla ya kufungua kopo, pima haraka, funga kopo, mimina. Vaa glavu na miwani, pima kwenye plastiki ngumu na si kwenye sufuria ya aluminiamu, maana kostiki inaila. Na daima ni kostiki kuingia kwenye maji, si maji kumwagwa juu ya kostiki.

Namba ikishuka polepole bila kupanda, unapima kitu kinachokauka, kama manukato yenye spiriti. Funika.

Kuna pia umeme wa msuguano, ambao unatusumbua zaidi Juni na Julai, baridi ikiwa kavu. Ukisugua kikombe cha plastiki kwa kitambaa kikavu, kinabeba chaji. Ukisogeza mkono, namba inaruka kabla hujagusa kitu. Jirani yangu aliniambia mizani yake imerogwa, inamjua mwenyewe akikaribia. Tulibadilisha kikombe cha plastiki tukaweka cha glasi, na uchawi ukaisha. Ukikosa glasi, futa plastiki kwa kitambaa chenye unyevu kisha iache ikauke yenyewe.

Sasa ikiwa nati ndiyo inacheza, angalia mahali kabla ya mashine. Ndani ya mizani kuna kipande kidogo cha chuma kinachopinda kidogo mno ukiweka mzigo, na juu yake zimegandishwa nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zinapovutwa. Kibao cha elektroniki kinasoma badiliko hilo na kulitoa kama gramu. Chochote kinachogusa chuma hicho au kukipasha joto kinaonekana kama uzito. Upepo kutoka mlangoni ni uzito. Mtoto anayerukaruka karibu na meza ya mbao ni uzito. Chini ya bati saa saba mchana, chuma kile si kilekile cha alfajiri. Shusha mizani kwenye sakafu ya saruji au tofali pana, weka sahani ya maji pembeni uone kama maji yanalingana pande zote, izungushie katoni, na pima asubuhi. Simu nayo iweke mbali. Kuna mizani zinazoruka kila simu iliyo karibu inapotafuta mtandao.

Betri zinakuja baada ya hapo, ingawa wengi huanzia hapo. Zikichoka, maandishi hufifia na namba huteleza upande mmoja. Kama yako inatumia waya na umeme wako ni wa sola kupitia inveta ya bei nafuu, chomoa waya, weka betri, rudia kipimo cha nati. Tofauti utaiona mara moja.

Kisha geuza mizani juu chini, betri zikiwa nje. Nimeshakuta punje ya sabuni iliyokauka imejibana kati ya sahani na mwili wa mizani, ikibeba nusu ya mzigo. Pitisha ukingo wa karatasi ngumu pande zote nne.

Liko jambo moja ambalo si ubovu bali tabia. Mizani hizi zimeundwa kujirudisha sifuri zinapoona badiliko dogo sana, ili zisionyeshe vumbi na upepo. Ukidondosha manukato tone kwa tone, inaweza kudhani ni vumbi na kuyafuta yote. Umeweka gramu moja nzima, yenyewe inaonyesha 0.3. Inua chupa, dondoshea pembeni, kisha irudishe usome upya. Wanaojaza risasi wenyewe huko Marekani wanaijua sana tabia hii, kwa kuwa wanapima baruti punje kwa punje na kosa dogo kwao ni bunduki kupasuka. Ndiyo sababu mizani nyingi za mfukoni zina alama ya gn, kipimo chao cha "grain": gramu moja ni 15.43 ya hivyo. Mtoto akibonyeza kitufe cha vipimo, 9 gn si gramu 9, ni gramu 0.58. Angalia herufi pembeni ya namba kabla ya kulaumu kitu.

Kitufe cha CAL, cha kusawazishia mizani, usikiguse kama huna jiwe la mizani la kweli, lile lililoandikwa gramu 100 au 200 na unaloliamini. Maji ya bomba la sindano yanafaa kukamata uongo mkubwa tu, maana mililita 50 zinapaswa kuwa karibu gramu 50, lakini kusawazishia hayatoshi. Wenye mizani za biashara wanajua kwamba MBS, Shirika la Viwango la Malawi, ndilo lenye kauli ya mwisho kuhusu vipimo. Na mvutano wa dunia haulingani kila mahali: mizani iliyosawazishwa Ujerumani, ikiletwa hapa kwetu juu ya mita 1,000 na karibu zaidi na ikweta, itasoma kitu cha gramu 100 pungufu kwa gramu 0.3 hivi. Ukipima mafuta na kostiki kwa mizani ileile, kosa hilo linajifuta, kwa kuwa kinachotakiwa ni uwiano. Linakuja ukipima mafuta kwa mizani ya kilo ya jirani na kostiki kwa yako.

Lipo lisilotibika. Weka nati katikati, kisha pembe moja moja. Pembe zikitofautiana kwa zaidi ya moja au mbili kwenye tarakimu ya mwisho, au ukiitoa nati mizani ikagoma kurudi sifuri, chuma cha ndani kimepinda, pengine mtu aliwekea kilo mbili mizani ya gramu 500. Hiyo iachie unga wa mandazi. Siku ukipata ruhusa ya mjini, andika uzito wa nati yako juu yake kwa kalamu ya wino mzito, iweke mfukoni, na kabla ya kutoa kwacha mwombe muuzaji akuruhusu uipime pembe zote nne. Akikataa, vuka barabara, maduka hayajaisha.