Somo: Kabla ya Kubadili Kampuni ya Gesi ya Kupikia



Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwetu Bulongwa swali ni dogo zaidi: familia yenye mtungi wa kampuni moja, ikisikia nyingine ni nafuu, ihame?

Tunashauri kwanza kuuliza nani atapokea mtungi wa zamani. Asipopatikana, mama atanunua mpya kwa bei kamili, na pengine regulata, maana vali hazifanani zote. Halafu wakala yuko wapi? Bei ya Makambako si bei ya Bulongwa. Nauli ya Njombe, kwenda na kurudi, humeza nafuu yote, na gesi ikikatika kuni hurudi jikoni.

Daini mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukisomeka kilo 15.2 na gesi ni kilo 15, mizani ionyeshe 30.2. Muuzaji anayekataa kupima, mwacheni.

Mkishafunga regulata, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likifura, gesi inavuja. Msijaribu kwa kiberiti, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.

Asubuhi za Juni na Julai moto huweza kuwa hafifu. Si lazima mmepunjwa: butani hushindwa kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, propani hustahimili hadi 42 chini ya sifuri. Muulizeni wakala kuhusu mchanganyiko wake. Mtungi wenyewe msiupashe moto kamwe.