Daka, Kauri na Boriti: Magofu ya Gedi kama Darasa la Fasihi

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na neno daka kwa mara ya kwanza katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoomboleza kuanguka kwa Pate. Humo, madaka yaliyokuwa yakipambwa kwa vyombo yamegeuka malazi ya makinda ya ndege. Mwanafunzi hufungua kamusi, hunakili maana, kisha huendelea na ubeti unaofuata. Makala haya yanashikilia kwamba njia hiyo haitoshi. Msamiati wa nyumba za mawe hueleweka barabara unaposomwa mbele ya kuta zenyewe, na Magofu ya Gedi ni mahali mwafaka pa kuusomea.

Mji wenyewe

Gedi ipo takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, karibu na Watamu. Mji huo ulistawi hasa katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi mojawapo lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mnamo 2024 UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.

Maneno na kuta

Tuanze na daka. Katika nyumba za Lamu, neno hili hutaja ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya kuketi wageni. Vilevile hutaja kishubaka cha ukutani, ambacho kikiwa kidogo huitwa kidaka, au zidaka kwa wingi katika Kiamu. Anayesimama Gedi mbele ya kidaka cha taa hapati shida kuamua ni daka lipi linaloweza kubeba sahani na kulaza makinda.

Kauri nayo ni funzo jingine. Wachimbuzi waliyapa majumba ya Gedi majina kutokana na vitu vilivyopatikana humo. Nyumba moja ilipewa jina la simbi, nyingine la bakuli la udongo mweupe kutoka Uchina. Kwa Kiswahili, vitu vyote viwili huweza kuitwa kauri. Mfasiri asiye makini atazichanganya nyumba hizo mbili.

Neno la tatu ni boriti. Vyumba vya Gedi ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni kwamba dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti, nguzo za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti. Paa zimekwisha kuporomoka, lakini kipimo cha mti kingali kinasomeka sakafuni.

Msitu ndani ya nyumba

Leo miti imeota katikati ya kumbi, na mizizi imekumbatia kuta. Mtalii huona msitu uliouvamia mji. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mti ulikuwamo tangu awali: uliibeba dari, na kuni zake ziliyachoma matumbawe yakawa chokaa. Hivyo basi, ziara ya Gedi isikomee kwenye kuta. Ifike mikokoni katika hori ya Mida, na katika msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Hifadhi ya magofu bila hifadhi ya miti ni hifadhi ya nusu ya nyumba, na nusu ya msamiati wake.

Hitimisho

Kwa kundi litakalozuru Gedi, mazoezi matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila mwanafunzi apime upana wa vyumba vitatu kwa hatua na kuulinganisha. Pili, aorodheshe sehemu za nyumba kwa majina ya Kiswahili kabla ya kusoma kibao chochote cha maelezo. Tatu, akirudi chuoni, ausome upya utenzi wa Pate bila kamusi. Akiona kwamba madaka sasa yana kina, kimo na kivuli, ziara itakuwa imetimiza wajibu wake. Neno lililopoteza nyumba yake hubaki fumbo hata kwa wenye lugha.