Uko Njiapanda? Vidokezo vya Kumwachia Mungu Uamuzi

Posa imeletwa na wazee wanasubiri jibu. Barua ya uhamisho imefika, kituo kipya kiko mkoa wa mbali na watoto wako katikati ya muhula. Wakala amepiga simu: nafasi ya kazi Dubai ipo, tiketi watalipa wao, jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa. Mkristo akifika hapo husema, "Namwachia Mungu." Ni neno zuri, ila kumwachia Mungu kuna kazi ndani yake. Tuanze.

1. Mwambie unachokitaka

Usijifanye huna upande. Kama unampenda huyo kijana, sema. Kama moyo umeshapanda ndege, sema pia. Pale Gethsemane Yesu aliomba kwanza kikombe kimwepuke, ndipo akayaweka mapenzi ya Baba juu ya yake. Mathayo anaeleza kwamba aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Ikiwa Mwana wa Mungu alirudia ombi hilo mara tatu katika usiku mmoja, usijihukumu kwa kuwa umeomba wiki nzima na moyo bado unavutia kwako.

2. Kubali "hapana" kabla hujauliza

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote, kwa hiyo tukae kidogo. Fungua Yeremia 42. Yerusalemu imeanguka, gavana Gedalia ameuawa, na waliosalia wamepiga kambi karibu na Bethlehemu wakiwaogopa Wababeli. Wanamwendea Yeremia: tuombee, Bwana atuonyeshe njia ya kuiendea. Wanaapa kabisa kwamba jibu liwe jema au baya, watalitii. Zinapita siku kumi. Jibu linakuja: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Papo hapo kiongozi wao Yohanani mwana wa Karea na wenzake wanamwambia nabii kuwa ni mwongo. Wanafunga safari, na Yeremia mwenyewe wanaondoka naye.

Sasa rudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 41. Kabla hawajafungua kinywa kuomba, watu hawa walikuwa wamekwisha kushika njia ya Misri. Walichotaka kwa Mungu ni baraka ya safari waliyoiamua wenyewe. Nasi huomba hivyo mara nyingi mno. Kishika uchumba kimepokelewa, sare za ndugu zimeshachaguliwa, ndipo tunaitisha mkesha "kutafuta mapenzi ya Mungu". Maombi ya namna hiyo yana hatari kubwa, kwa sababu aliyeyaomba hutoka akiwa na hakika zaidi ya jambo ambalo hakumpa Mungu nafasi ya kulikataa.

George Müller, aliyelea yatima zaidi ya 10,000 kule Bristol, Uingereza, katika karne ya 19, aliweka jambo hili kuwa hatua yake ya kwanza: kuufikisha moyo mahali ambapo hauna matakwa yake katika shauri lililopo. Kusoma Neno, kuangalia mazingira na kuomba kwa bidii vilifuata baadaye. Naona alikuwa na haki.

Jipime kwa karatasi. Andika juu: "Jibu likiwa hapana, Jumatatu nitafanya nini?" Kisha jaza. Nitampigia nani simu? Nitawaambia nini nyumbani? Fedha niliyoitenga itaenda wapi? Kalamu ikigoma, moyo bado umeshikilia. Rudi kwenye kidokezo cha kwanza. Ukiweza kuandika mpaka mwisho, sasa uliza.

3. Usiombee lililokwisha kusemwa

Mume wa mtu haombewi. Hongo ya kupatia ajira haifungiwi siku tatu. Kumtelekeza mzazi mgonjwa ili upate nafasi ya huduma, Yesu alishalitolea kauli katika Marko 7. Okoa nguvu zako za maombi.

4. Fanya upelelezi

Wapo wanaodhani kuuliza maswali ni kukosa imani. Hapana. Katika Yoshua 9, Waisraeli waliukagua mkate mkavu wenye ukungu wa Wagibeoni, wakaamini kwamba wageni hao wametoka mbali, wakafanya nao agano. Biblia inawalaumu kwa kutotaka shauri kwa Bwana; hailaumu kukagua. Fanya yote mawili.

Kama ni kazi ya Uarabuni, dai mkataba na uusome wote: mshahara, siku ya mapumziko, nani atakaa na pasi yako ya kusafiria, na kama wakala amesajiliwa na serikali. Kama ni kiwanja, zungumza na majirani wa pande zote nne, nenda serikali ya mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kama ni mchumba, fika kwao siku isiyo ya sherehe, umsikie anavyoongea na mama yake na anavyomtuma dada wa kazi. Majibu ya hapo nayo hutoka kwa Mungu.

5. Ngozi ya Gideoni iache kwake

"Nikipigiwa simu kabla ya saa sita, basi ni Mungu." Watu husema hivi wakimtaja Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Soma tena Waamuzi 6. Mungu alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi aende akawaokoe Israeli, na ngozi ilikuja baadaye kwa sababu ya woga wake. Mungu alimvumilia, naye ni mwema hivyo, lakini hakuna mahali alipoiagiza iwe desturi yetu. Vivyo hivyo kufumba macho, kufungua Biblia ovyo na kuweka kidole.

6. Ukiambiwa "Bwana amenionyesha"

Binti anafuatwa na mwanakwaya mwenzake baada ya mazoezi: "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu." Binti anatetemeka. Atakataaje neno la Mungu?

Dada yangu, Nathani alikuwa nabii wa kweli, na Daudi alipomweleza nia ya kujenga hekalu alimwambia afanye yote yaliyo moyoni mwake. Usiku uleule Bwana akamrudisha na jibu jingine. Yako katika 2 Samweli 7. Ikiwa Nathani alihitaji kusahihishwa, mwanakwaya naye apimwe. Mjibu kwa heshima: "Sawa kaka, nitamwomba Mungu anionyeshe na mimi." Kisha usiogope. Na anayetoza sadaka maalumu kwanza ndipo akutolee unabii kuhusu safari au ndoa yako, usimfuate kabisa.

Ushauri wa kweli upo, nao hauuzwi. Tafuta mzee wa kanisa, mama wa jumuiya au shangazi mcha Mungu ambaye hana cha kupata kwa uamuzi wako, na ambaye amewahi kukukatalia jambo usoni. Mtu wa namna hiyo ni adimu, ukimpata mtunze.

7. Usibadili msimamo ukiwa gizani

Ignatius wa Loyola, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548, anashauri kwamba wakati wa ukavu wa roho usigeuze uamuzi uliofanya ulipokuwa mtulivu. Barua ya kuacha kazi isiandikwe jioni ya ugomvi na bosi.

8. Mlango ukifungwa, tazama ulipo

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alitaka kuwahubiri Waoromo. Njia ya Ethiopia ikazibwa. Mwaka 1844 akaja pwani yetu akitumaini kuwafikia kwa upande wa kusini. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Rosine akafariki Mombasa, na mtoto wao mchanga pia. Misheni aliyoiota kwa Waoromo hakuweza kuianzisha. Lakini miezi ileile alishika kalamu akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Sarufi yake ikatoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Sisi tunaomwomba Mungu kwa Kiswahili tuna fungu letu katika mlango ule uliofungwa.

Daudi naye, alipokatazwa kujenga, hakununa. Alikusanya dhahabu, chuma na mierezi kwa ajili ya Sulemani atakayejenga.

9. Kisha amua

Umeomba, umekubali hapana, umepeleleza, umeshauriwa, na hakuna amri ya Mungu unayoivunja. Basi chagua. Wapo waliokaa miaka wakisubiri sauti kutoka mbinguni huku mchumba akichoka na nafasi ikipita, wakaita woga wao uvumilivu. Yakobo 4 haiwakemei wafanyabiashara kwa kupanga safari ya mwaka mzima. Inawakemea kwa kupanga bila kusema Bwana akipenda.

Wala ukikutana na taabu mbele, usikimbilie kusema ulikosea njia. Paulo alizuiwa na Roho kuhubiri Asia na kuingia Bithinia, akaonyeshwa njozi pale Troa, akatii akavuka kwenda Makedonia. Kule Filipi Lidia akaamini na nyumba yake, na baadaye Paulo akachapwa bakora na kufungwa miguu kwenye mkatale. Alikuwa mahali palepale Mungu alipomtuma.

Kwa hiyo, wewe mwenye barua isiyojibiwa: tafuta ile karatasi leo, ijaze, kisha mpigie simu yule mzee muombe pamoja. Jibu litolewe kabla ya Ijumaa.